Kumrudisha Baba Mkwe Kikuyu kwa Baiskeli

Wenzangu wa baiskeli za Jumamosi, tangu nirudi mmeniuliza mambo mawili. La kwanza, kwa nini baiskeli ya Njoroge haina tena kile kishikio cha buluu juu ya foku. La pili, kwa nini kila nikiulizwa safari ilikuwaje naanza kuzungumzia mvua. Jibu la yote mawili ni moja, tena ni refu, ndiyo maana nimeona heri niliandike kuliko kulitoa vipande vipande tukiwa tunahema kwenye mlima. Mwenye haraka na aishie hapa: tulifika Kikuyu, lakini hatukufika tulivyopaswa kufika, na mimi nina mkono wangu ndani yake.

Wale wasiojua familia yangu niwaeleze. Mimi ni Mwende, Mkamba wa Machakos, nimeolewa na Njoroge wa Kikuyu. Baba yake, Mzee Kariuki, alikuwa amekaa kwetu Kilimani wiki kadhaa baada ya kutolewa mtoto wa jicho. Macho yalipona vizuri, hata akaanza kunionyesha uchafu kwenye madirisha yangu ambao mimi sikuwahi kuuona. Kwake Kikuyu ana baiskeli nyeusi ya chuma, ile tunayoiita blakmamba, aliyoiendesha tangu ujana. Huenda nayo shambani, huenda nayo kanisani, huenda nayo sokoni na sukuma wiki nyuma, na akikosana na mama mkwe huipanda akaenda popote hadi hasira iishe.

Watoto wake walitaka baiskeli hiyo iondolewe. Aliyeongoza ni wifi yangu Wairimu, na si kwa ubaya, aliogopa kuletewa baba amelazwa kwenye mkokoteni. Walibishana kwenye simu mimi nikiwa nimekaa papo hapo, mpaka wakapatana hivi: mzee akitoka mjini hadi langoni kwake kwa baiskeli, mwenyewe, bila kubebwa, hakuna atakayegusia jambo hilo tena maisha yake yote. Akishindwa, baiskeli inatoka. Mzee akasema yeye akisema kitu amesema, akakata simu, akaniomba chai.

Njoroge alikuwa kazini Kisumu. Katika ukoo mzima aliyebaki anayejua kuendesha baiskeli ni mimi, mke wa mwana. Mzee angepanda baiskeli ya Njoroge ya milimani, mimi nipande yangu kuukuu. Nilifurahi kuchaguliwa, sitawaficha. Nilijiona kama wakili aliyepewa kesi ya kushinda.

River Road

Baiskeli ya Njoroge ilikuwa kwa fundi wetu Onesmus, kule River Road, akiisafisha foku. Mzee alikataa tuanzie nyumbani. Mjini ni mjini, alisema, na Kilimani si mjini, ni mahali pa kulala. Basi asubuhi jirani akatupeleka River Road kwa gari lake, baiskeli yangu ikiwa nyuma, tukapata Onesmus ameshafungua, na mandazi ya moto yako kwenye karatasi juu ya meza yake ya spana.

Hapa nisimame kidogo, maana kuna watakaosomewa barua hii na hawajui foku ya springi ni nini. Foku ni ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele. Kwenye blakmamba ni chuma kitupu. Kwenye baiskeli ya milimani kila mguu ni bomba ndani ya bomba, na ndani mna springi na mafuta, hivyo ukikutana na shimo foku inabonyea, pigo linaishia huko chini badala ya kuja kwenye viganja. Ubaya wake ni mlimani. Ukisimama kwenye pedeli ukikaza, foku inabonyea kwa kila mkanyago, nguvu zako zinapotelea humo. Kwa hiyo waliweka kishikio kidogo juu ya mguu wa kulia. Ukikizungusha kulia, njia ya mafuta inazibwa na foku inakuwa ngumu kama haina springi. Ukikirudisha kushoto inafunguka. Mlimani na kwenye lami laini unafunga, kwenye mawe unafungua. Hiyo ndiyo elimu yote. Juu ya mguu wa kushoto kuna kifuniko kingine cha kuzungusha, lakini hicho ni cha kuongeza ugumu wa springi tu, hakifungi chochote.

Onesmus alimweleza mzee haya yote taratibu, akageuza kishikio huku na huku ili aone. Mzee alikuwa anatazama mlango wa pili, duka la vifaa. Alipoulizwa kama ameelewa, aliweka kiganja kwenye usukani akakandamiza mara moja, foku ikazama, akatikisa kichwa. "Hii imelegea," akasema. Onesmus akamwambia ndivyo ilivyotengenezwa. Mzee alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyegundua kwamba watoto wake wanaibiwa na fundi na hawajui.

Kisha akavuka akanunua koleo, akaitia kwenye mfuko wa koti. Mtu hatoki River Road mikono mitupu, hiyo ni sheria yake. Nilicheka. Kofia ngumu aliikataa mpaka nikamruhusu aivae juu ya kofia yake ya sufu, na kwa mavazi hayo, koti la kanisani na viatu vya ngozi vilivyopakwa rangi, tukaondoka.

Kupanda Valley Road

Barabara za mjini tulizipita tukisukuma baiskeli kwa miguu, kwa sababu mzee alikuwa anasalimia watu. Tulipofika mwanzo wa mlima akapanda, akasimama kwenye pedeli kama alivyozoea, na foku ikaanza. Juu, chini, juu, chini. Hakuenda mbali akashuka.

Alisema baiskeli gani hii inainama kila hatua kama inaomba msamaha. Akasimama kando, nami nikainama nikazungusha kishikio kulia. Akakandamiza. Haikubonyea. Uso ukafunguka, akaniambia sasa umeitengeneza, na yule fundi wako umwambie akuulize wewe. Niseme nini? Nilisema asante, Baba. Sikusema nimeifunga kwa ajili ya mlima tu. Sifa ni tamu, na za baba mkwe ni adimu.

Ikawa sasa ni mimi ninayeachwa nyuma. Mzee alipanda mlima akiimba tenzi, mgongo umenyooka, na mimi huku nyuma nikihema na kuita, "Baba, ngoja." Walinzi wawili waliokuwa langoni mwa jengo moja wakaona mzee wa koti kuukuu juu ya baiskeli ya kizungu, mwanamke akimfukuza kwa kelele. Wakajua ni mwizi. Walimsimamisha, mmoja ameshika usukani, mwingine kola. Nilipofika nilikuwa sina pumzi ya kueleza, nikawa naonyesha kwa mikono tu, nao wakafikiri nathibitisha. Mpaka nilipopata sauti nikasema huyu ni baba wa mume wangu. Walimwachilia, wakamwomba msamaha, na mmoja akamsukuma mgongoni kumwanzisha tena. Mzee alifurahia kisa hicho kuliko kitu chochote. Aliniambia, katika umri wake, kushukiwa kwamba anaweza kuiba na kukimbia ni heshima kubwa.

Nakumbuka nikijiambia, Wairimu angemwona sasa. Siku hiyo ingeishia hapo nisingekuwa na la kujutia.

Kilimani, chai iliyokuwa ndefu

Tulipanga kupita nyumbani kwa dakika chache kumuaga mtoto. Binti yangu anaitwa Muthoni, jina la mama mkwe, kwa hiyo kwa desturi yao yeye ni bibi wa mzee, yaani mkewe, na mzee humwita bibi mdogo. Bibi mdogo alikataa kuagwa. Alilia, akapakatwa, akataka kuona macho mapya ya guka, babu yake, tena, akaletewa githeri ya mahindi na maharagwe ili anyamaze, akasema hali mpaka guka ale. Guka akala. Akala sahani ya pili kwa sababu ya kwanza ilikuwa ya bibi. Kisha jirani akaingia kumtakia safari njema, naye hawezi kutakiwa safari njema bila chai.

Jua lilikuwa limesimama utosini tulipotoka. Foku bado ilikuwa imefungwa, na kupitia Lavington lami ilikuwa nzuri, hakukuwa na shida. Niliweka nia ya kuifungua tukiacha lami.

Loresho

Mzee alitaka tupinde Loresho. Zamani, kabla ya maghorofa na kuta za waya, alikuwa akichukua maziwa huko kwenye shamba la Mzungu na kuyasambaza kwa baiskeli nyumba hadi nyumba. Mwenzake wa siku hizo, Mzee Barasa, bado yuko, ni mtunza bustani kwenye nyumba moja chini karibu na mto, na njia ya kwenda kwake ni mawe matupu.

Lami ilipokwisha nilimwomba asimame. Barasa alikuwa ameshatuona, anakuja na kijembe mkononi akicheka. Nikasema, "Baba, niirudishe ile ya mbele, huku kuna mawe." Mzee hakushuka. Alisema, kwa sauti ya mtu anayetaka rafiki asikie, "Wacha hivyo, Mama Muthoni. Usinilegezee baiskeli."

Nyinyi mngefanya nini? Najua mngefanya nini, mngepeleka mkono mkageuza, ni kitu cha sekunde. Lakini kishikio kiko katikati ya mikono yake. Mimi nimelelewa na nyanya ambaye hakuwahi kumpita baba mkwe wake karibu, alimzungukia nyuma ya nyumba mpaka alipofariki. Wakikuyu si wakali hivyo, na nyakati zimebadilika, lakini kupenyeza mkono kati ya mikono ya baba mkwe mbele ya rika lake, baada ya yeye kusema hapana, huo si mkono wangu. Na kumbishia mbele ya Barasa vilevile siwezi. Nikasema sawa, Baba.

Ila sikukubali moyoni. Walipokaa nyuma ya chumba cha Barasa wakila nduma, yale magimbi, na kunywa chai ya rangi, wakikumbushana ng'ombe kwa majina, nilinyata hadi pale baiskeli zilipoegemezwa nikafungua foku kimyakimya. Nilikandamiza, ikazama vizuri. Nikarudi nikakusanya vikombe nikaenda kuviosha bombani, maana mke wa mwana hakai huku vikombe ni vichafu. Nilijisifu. Nimemheshimu mzee na nimeiheshimu foku.

Haya ninayosema sasa nilikuja kuyajua baadaye jioni, lakini nayaweka mahali pake ili mfuate vizuri. Nilipokuwa bombani, mzee alimpeleka Barasa kumwonyesha baiskeli iliyofanya akamatwe kama mwizi. Akakandamiza usukani ili rafiki aone ilivyo imara. Ikazama. Aibu ikamshika. Akafikiri nilichokitengeneza mlimani kimeachia njiani. Akakumbuka upande niliozungusha, akakizungusha kile kishikio kulia mpaka kikagota, na kwa kuwa kilikuwa kimeachia mara moja, akatoa koleo yake mpya akakikaza zaidi ili kisiachie tena. Kikavunjika mkononi. Kipande akakitia mfukoni. Foku ilibaki ngumu, na hilo ndilo alilotaka.

Hakuniambia. Ni mali ya mwanawe iliyovunjika mikononi mwake, na anayeijali ni mke wa mwanawe, aende akaseme nini? Kwa hiyo tuliondoka Loresho kila mmoja akiwa amemtendea mwenzake wema wa siri, na hakuna aliyejua.

Njia ya nyuma, Kangemi hadi Kinoo

Kutoka Kangemi barabara kuu ilikuwa na malori ya kutisha. Ni mimi niliyesema tuingie njia ya nyuma, ya vumbi. Nilijua imejaa makorongo na yale matuta madogo yaliyopangana kama ubao wa kufulia, lakini nilijua pia foku iko wazi. Nilisema moyoni, kwangu mimi mwenye baiskeli kuukuu ndiko kutakuwa kugumu.

Mtaniuliza, kwani blakmamba si ngumu vilevile, na ameiendesha kwenye njia mbaya kuliko hiyo miaka yote? Nimelifikiria sana. Kwenye blakmamba unakaa wima, uzito wako uko kwenye kiti chenye springi zake chini, usukani umerudi kwako, mikono imetulia. Baiskeli ya milimani inakulaza mbele, nusu yako iko juu ya viganja. Foku ikiwa wazi hilo ni sawa. Ikiwa imefungwa, kila jiwe unalipokea kwa mikono.

Mwanzoni aliendelea kuimba. Kisha akaacha. Kisha akaanza kutoa mkono mmoja na kuukung'uta hewani, halafu mwingine. Nilimuuliza kama baiskeli iko sawa. "Iko sawa kabisa," akasema. Nikamuuliza tena karibu na Uthiru, akajibu vilevile, ila safari hii hakugeuka kunitazama. Angesemaje kwamba kitu alichopewa na mke wa mwana kinamuumiza? Mtu haletewi chakula akasema kina chumvi nyingi. Na mimi, ninayejua foku, sikuweka kiganja changu kwenye ule usukani hata mara moja. Kitu cha sekunde. Nilishakuwa na jibu langu: amechoka, ni umri, Wairimu aliona mbali.

Tulikaa kwa mama mmoja anayeuza mahindi ya kuchemsha kando ya njia. Mzee alipokea hindi likamponyoka. Akalipokea tena, likaanguka tena. Mama akanitazama kama mimi ndiye jambazi, akauliza huyu mzee nimemtoa wapi na nampeleka wapi, na kama hakuna magari Kenya hii. Akamletea maji ya uvuguvugu kwenye beseni ili atie mikono. Viganja vilikuwa vyekundu, na vidole vilitetemeka ndani ya maji. Mzee alimtania, akamwambia mikono imezoea kukamua ng'ombe, mahindi haiyajui. Alicheka yule mama. Mimi sikuweza.

Mbele ya Kinoo kuna mteremko. Nilikuwa nyuma yake. Niliona vidole vinatafuta breki na havikazi, baiskeli ikazidi kasi, ikayumba, ikaacha njia ikaingia kwenye ua wa mtu. Ua ulikuwa laini, namshukuru Mungu. Nilimkuta amekaa chini katikati ya majani, kofia zote mbili zimemwangukia machoni, hana hata mkwaruzo. Alisema apumzike kidogo tu halafu tuendelee. Alisema kwa upole, tena akasema, "Tafadhali." Sijawahi kumsikia akimwambia mtu neno hilo.

Nilisema sawa, Baba, pumzika. Nikaenda nyuma ya ua nikampigia Wairimu simu.

Kikuyu, kwa pikapu

Wairimu alikuja haraka, na hakusema neno moja baya. Nilitamani aseme. Alimkumbatia baba yake, akampandisha mbele, wakulima wawili wakatusaidia kupakia baiskeli nyuma, nami nikakaa nazo huko nyuma kwenye vumbi. Nilikuwa nimetulia, naona aibu kukiri. Nilifikiri nimeokoa maisha ya mtu.

Langoni walikuwa wamemngoja tangu saa za chakula. Mama mkwe alikuwa amechinja kuku, na wazee wa rika lake, wale anaokaa nao benchi la mbele kanisani, walikuwa wametoa viti hadi barabarani ili waone akitokea kwenye kona. Waliposikia gari hawakuinuka, walijua ni mpita njia. Gari likapunguza mwendo. Mmoja alikuwa ameshaanza kupiga makofi kwa kumwona mzee, akaona amekaa wapi, akaacha, akajifanya anapangusa vumbi.

Walimpokea vizuri, walimshukuru Mungu kwa macho ya mzee kupona. Hakuna aliyetaja baiskeli. Alitaja mwenyewe, kabla ya kuku kugawiwa. Alisimama akasema alitoa neno lake na neno limemshinda, na kwamba katekista wa kanisa anatembea mbali sana kuwafikia wagonjwa, basi na aje kesho achukue blakmamba. Wairimu aliangalia chini. Mama mkwe aliingia jikoni na hakutoka kwa muda.

Mimi nilitoka nje kushusha baiskeli. Niliiweka ya Njoroge chini, na kwa mazoea tu, vile sisi sote hufanya, nikaegemea usukani. Haikubonyea. Nikaegemea kwa uzito wangu wote. Chuma. Ndipo nikatazama juu ya mguu wa kulia nikaona hakuna kishikio, kuna kijiti kilichobaki na alama za meno ya koleo. Nilikuwa naona vidole vyake ndani ya beseni.

Nilingoja wageni waondoke. Alikuwa nje ukutani kando ya blakmamba, peke yake, jua likielekea kuzama. Nikamwambia yote: kwamba niliifungua foku Loresho bila ruhusa yake, na kwamba imefungwa tena na sijui na nani. Akatoa kipande cha buluu mfukoni akanipa, akanisimulia, akasema nimwambie Njoroge atamtafutia kingine. Nikamwambia kishikio si kitu. Nikaeleza kama Onesmus alivyoeleza, mafuta, springi, mawe, viganja. Nikamvutia baiskeli akandamize mwenyewe. Nikasema, "Baba, si mikono yako iliyoshindwa. Ni hii foku. Hata mimi ningeanguka. Tukiifungua, turudie wiki ijayo, utafika ukiimba."

Alisikiliza hadi mwisho. Akakandamiza, ikakataa kubonyea, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, kwa sababu kwake yeye hivyo ndivyo baiskeli nzima inavyopaswa kuwa. Kisha akaniangalia kwa macho yake mapya, na nikaona yamelowa.

"Njoroge alioa vizuri," akasema. "Mtoto mwingine angeniambia nimezeeka. Wewe unaniambia ni chuma. Umelelewa, Mama Muthoni."

Nikasema, "Baba, ni kweli. Si heshima. Ni kweli."

"Najua," akanijibu kwa upole, kama unavyomjibu mtu anayekufariji msibani. Nikataja tena wiki ijayo, akasema tutaona, nanyi mnajua mtu wa Kikuyu akisema tutaona ameshakataa. Tumefundishwa tangu utotoni kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilisikia kila la mkuu siku hiyo, na alipohitaji kunisikia mimi, kila neno langu lilikuwa limeshageuka adabu.

Kisha akaniomba nilete pampu. Alisema katekista atakuja asubuhi na mapema, na mtu hapewi baiskeli isiyo na upepo, ni kama kumkabidhi ng'ombe mwenye njaa. Nilipiga magoti kwenye vumbi nikaanza na gurudumu la mbele. Yeye alikuwa amesimama juu yangu, na kila mara aliinama akalibonyeza kwa kidole gumba ambacho bado kilikuwa kinatetemeka. "Ongeza," akasema. "Ongeza kidogo. Isije ikamchosha." Nikaongeza.